Fidia ya Dafu

Dola 150. Hicho ndicho kiasi ambacho kampuni ya bima ya bweni la mbwa ilikuwa tayari kunilipa kwa kifo cha mbwa wangu, na barua yao ilieleza hesabu bila kuzunguka: hiyo ndiyo ada niliyotoa nilipomchukua kutoka kituo cha wanyama hapa Fort Worth, Texas, kwa hiyo hiyo ndiyo thamani yake. Chini ya barua kulikuwa na fomu. Nikitia saini, sitadai tena chochote wala sitamsimulia mtu jambo hili.

Sikutia saini. Nilikwenda mahakamani, na sasa naandika kwa ajili ya ndugu zangu Waswahili wanaofuga mbwa na paka huku Marekani, maana tangu habari ienee napigiwa simu na watu wenye maswali yaleyale. Mmoja kagongewa mbwa na dereva, mwingine paka wake kafia kwa daktari, mwingine mbwa wa jirani karuka uzio. Wote wameshaambiwa na mtu kwamba kudai ni kujisumbua. Mimi nasema dai, ila ujue unadai nini. Sheria ya Texas ina mlango mmoja wazi na mwingine umefungwa kwa kufuli, na wengi wetu tunaugonga wa kufuli mpaka tunakata tamaa kabla ya kuujaribu ule wa pili.

Dafu alikuwa mbwa chotara, mweupe mwili mzima isipokuwa sikio moja la kahawia. Ninahudumia wazee, zamu ya usiku, na mtu wa zamu ya usiku katika nchi ya ugeni anaweza kumaliza wiki nzima bila kuzungumza na yeyote nje ya kazi. Dafu ndiye aliyenitoa nje. Kwa ajili yake niliwajua majirani, nikajua mti upi unatoa kivuli saa ngapi, nikapata sababu ya kuamka mchana nikaliona jua. Sitaandika mengi zaidi kuhusu mapenzi yangu kwake. Mwenye kufuga anaelewa, na asiyefuga sitamlazimisha.

Shangazi yangu alifariki Tanga mwezi wa nane. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la kwanza, kwa hiyo hapakuwa na mjadala, nilipanda ndege. Dafu nilimpeleka kwenye bweni ambalo tangazo lake lilisema vyumba vyote vina kiyoyozi na kwamba kuna mtu wa zamu usiku na mchana. Nililipa, nikasaini karatasi kadhaa, nikaondoka.

Simu ilinikuta msibani, siku ya hitima. Mbwa walitolewa uani adhuhuri, mlango wa kurudi ndani ukafungwa, na aliyewatoa akaondoka. Mwezi wa nane kaskazini ya Texas si mwezi wa kumwacha kiumbe juani. Joto la mwili wa mbwa mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39. Dafu alifikishwa hospitali ya dharura akiwa amepita 42. Joto likifika huko, figo zinaanza kufa, damu inashindwa kuganda inavyotakiwa, na ubongo unavimba. Daktari alinieleza yote hayo kwa upole kupitia simu, akaniuliza kama aendelee na matibabu. Nikasema aendelee. Nililipa kwa kadi nikiwa nimekaa kwenye mkeka barazani kwa marehemu. Kulipokucha Texas, Dafu alikuwa amekufa.

Daktari huyohuyo ndiye aliyenipa ushauri uliokuja kuniokoa. Aliniuliza kama nataka mwili uchunguzwe, akasema kama nataka, uwekwe kwenye ubaridi lakini usigandishwe, kwa sababu barafu inaharibu tishu na mchunguzi hataona kitu. Texas ina maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya wanyama iliyo chini ya mfumo wa vyuo vya Texas A&M, makao yake College Station, na mtu wa kawaida anaweza kupelekewa mnyama wake huko kupitia daktari. Dada mmoja Mkenya, rafiki yangu wa kazini, alishughulikia kila kitu mimi nikiwa Tanga. Majibu yalisema kile tulichokijua: joto. Yalisema pia kwamba moyo wake ulikuwa mzima, hakuwa na ugonjwa mwingine. Kama unasoma haya na mnyama wako amekufa leo, fanya hilo kwanza, kabla ya kuzika na kabla ya kumchoma. Unayemdai atakuja kusema mbwa alikuwa mgonjwa tangu zamani, na bila karatasi huna jibu.

Nyumbani sikutegemea mtu anielewe. Mjomba wangu ni mtu wa msikitini, na mbwa kwake ni mnyama wa kukaa naye mbali. Lakini alikuwa mzee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo kwa muda mrefu, miongoni mwa wale washauri waliokuwa wakikaa pamoja na hakimu, na masikio yake hayajaacha kazi. Aliponiona nalia kwa jambo jingine juu ya msiba, aliniita kando.

"Mpwa wangu, nini tena?"

Nikamweleza.

"Ulimkabidhi kwa mkono wako?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Wakapokea na ujira?"

"Walipokea."

"Basi hiyo ni amana. Aliyepokea amana ndiye anayetakiwa kueleza imepoteaje. Wewe usianze kueleza, muulize yeye. Na kila karatasi uliyonayo uitunze. Mali bila daftari hupotea bila habari."

Hakusema neno kuhusu mbwa. Niliporudi Texas na kuanza kusoma, nikakuta sheria ya huku inasema karibu sawasawa na Mjomba. Ukimkabidhi mtu mali yako aitunze kwa malipo, akashindwa kuirudisha au akairudisha imeharibika, mahakama inachukulia kwamba alizembea mpaka yeye mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Huo ndio mlango ulio wazi.

Uliofungwa ni ule wa majonzi, na aliyeufunga ni Mahakama Kuu ya Texas, tarehe 5 Aprili 2013, kwa kesi iliyotoka mji huuhuu ninaokaa. Mbwa aliitwa Avery. Mwezi wa sita 2009 alitoroka uani kwao, akakamatwa na watu wa manispaa ya Fort Worth. Mwenye mbwa alikwenda kumchukua, hela za ada hazikumtosha, akaambiwa arudi, na kwenye banda la Avery pakatundikwa kibao cha kwamba mbwa huyu asubiriwe na mwenyewe. Pamoja na kibao hicho, mfanyakazi alimwingiza kwenye orodha ya wanaodungwa sindano ya kufa. Baba yule aliporudi na watoto wake, mbwa hayupo.

Familia ilidai thamani ya upendo, kwa sababu sokoni Avery hakuwa na bei. Mahakama ya chini ikaitupa kesi. Mahakama ya rufaa ya Fort Worth ikaikubali mwaka 2011. Kisha Mahakama Kuu ikaifuta kabisa. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Don Willett inakiri kwamba watu wa Texas wanawapenda mbwa wao, halafu inaegemea hukumu ya mwaka 1891 kuhusu mbwa watatu waliolishwa sumu: mbwa ni mali, na thamani yake ni bei ya soko, au kama soko halipo, faida na kazi aliyokuwa akifanya. Kukosa mwenzi, kukosa wa kukulaki mlangoni, hakuhesabiwi. Kilichonishangaza ni orodha ya waliopeleka maoni mahakamani wakipinga fidia ya majonzi. Kulikuwa na vyama vya madaktari wa wanyama na watengenezaji wa dawa zao, na hata American Kennel Club na Cat Fanciers' Association, watu ambao maisha yao ni mbwa na paka. Hoja yao ilikuwa kwamba fidia zikipanda, bima ya madaktari itapanda, gharama za matibabu zitapanda, na masikini wataacha kuwatibu wanyama wao.

Nimeifikiria hoja hiyo sana, kwa sababu mimi si tajiri, na bili ya Dafu ilipita dola 4,000. Sikubaliani nayo. Hatari hiyo inazibwa kwa kuweka kikomo cha fidia, si kwa kuifanya sifuri.

Hoja ya pili ya mahakama ni nzito zaidi. Wanasema sheria ya Texas hailipi majonzi ya kumpoteza ndugu wa tumbo moja wala babu na bibi wala rafiki. Inalipa kwa mume, mke, mzazi na mtoto tu. Itakuwaje basi ilipe kwa mbwa? Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimetoka kumzika mwanamke aliyenilea, ambaye kwa hesabu ya mahakama ile si mzazi wangu. Kama angeuawa na dereva mzembe huku Texas, mimi nisingekuwa na dai lolote la majonzi. Kwa mtu aliyekulia kwa shangazi, hilo halinionyeshi kwamba mbwa anaomba kupita kiasi. Linanionyesha kwamba mstari umechorwa karibu mno, na kwamba watu wengi waliopendwa kwa haki wameachwa nje yake. Sitaki Dafu awekwe mbele ya Shangazi. Nataka wanaoandika sheria waone kwamba kumnyima wa kwanza si njia ya kumheshimu wa pili.

Halafu kuna hili, ambalo bado linaniuma. Mahakama hiyohiyo, mwaka 1963, ilikubali kwamba vitu vya urithi wa familia vilivyoungua, vikiwamo shela la harusi na bastola za wazee, vilikuwa na thamani ya upendo inayoweza kulipwa, kwa kuwa sokoni havina maana. Familia ya Avery iliitegemea hukumu hiyo. Jibu likawa kwamba urithi ni kitu kingine, mbwa ni kingine. Shela ndani ya sanduku lina majonzi yanayohesabika, na aliyelala miguuni pako usiku na mchana hana. Nimejaribu kuutafuta mantiki ndani yake kwa moyo safi, sijaupata.

Kwingine wamechagua njia nyingine. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2000 inayoruhusu fidia ya majonzi kwa mbwa na paka, mwanzo kwa kikomo cha dola 4,000, baadaye 5,000. Inaitwa kwa jina la T-Bo, mbwa mdogo wa seneta Steve Cohen aliyeuawa na mbwa mkubwa. Florida ilishakubali majonzi mwaka 1964, katika kesi ya mzoa taka aliyemtupia mbwa mdogo pipa akamuua mbele ya mwenyewe; lakini pale palikuwa na uovu wa makusudi, si uzembe. Brooklyn, jijini New York, mwaka 2025, jaji aliamua kwamba mwanamke aliyekuwa ameshika kamba ya mbwa alipogongwa na gari anaweza kudai kwa mshtuko kana kwamba aliyeuawa ni mtu wa familia yake. Mwenye mbwa, ambaye hakuwapo barabarani, alikataliwa. Georgia, mwaka 2016, mahakama yao kuu iliruhusu gharama za matibabu zinazofaa hata zikiizidi mbali bei ya mbwa, katika kesi ya mbwa aliyepewa dawa isiyo yake bwenini na matibabu yakafikia dola 67,000.

Ulaya wako mbele zaidi. Uswisi tangu 2003 sheria inamruhusu hakimu azingatie thamani ya mnyama moyoni mwa mwenyewe. Ujerumani iliandika mwaka 1990 kwamba wanyama si vitu, na gharama za kumtibu mnyama hazihesabiwi kuwa za kupita kiasi kwa sababu tu zimeizidi bei yake. Ufaransa walimlipa mtu majonzi ya farasi mwaka 1962.

Lakini mimi nipo Texas, na ilinibidi nidai kwa sheria ya Texas.

Hukumu ya Avery, ukiisoma mpaka ndani, inataja yanayoweza kuhesabiwa: bei ya ununuzi, gharama ya kumpata mwingine, mafunzo maalumu, matibabu yaliyotokana na uzembe wenyewe. Nikachukua kalamu. Bili ya dharura, bili ya maabara, malipo ya bweni, ada ya kituo cha wanyama, na darasa la utii nililomlipia Dafu alipokuwa mdogo. Hiyo ndiyo orodha niliyoipeleka, na kila mstari ulikuwa na risiti. Sikuandika neno majonzi popote, si kwa kuwa sikuwa nayo, bali wakili mmoja wa msaada wa bure alinionya kwamba nikiliweka, upande wa pili utatumia muda wote kulipiga hilo na yaliyobaki yatasahaulika.

Kabla ya kufungua kesi niliandika barua ya madai. Hili usiliruke. Kama unadai kwamba biashara ilikudanganya kuhusu huduma yake, sheria ya Texas ya kulinda walaji inataka umpe mwenzako taarifa ya maandishi siku 60 kabla, ukieleza malalamiko na kiasi unachotaka. Nilikuwa na sababu ya kudai hivyo: tangazo lilisema kuna mtu wa zamu wakati wote, na mchana ule hakuwapo. Nilikuwa nimepiga picha tangazo hilo kwenye tovuti yao siku ileile ya simu, nikiwa Tanga. Niliporudi, lilikuwa limebadilishwa.

Jibu la barua ndilo lile la dola 150.

Mahakama ya madai madogo hapa inaitwa Justice Court. Tangu mwezi wa tisa 2020 inasikiliza madai mpaka dola 20,000, na huhitaji wakili. Ada ya kufungua ni dola 54, ukiongeza malipo ya kumfikishia mdaiwa hati. Asiye na uwezo anaweza kuapa akasamehewa. Mdaiwa akishafikishiwa hati, ana siku 14 za kujibu. Muda wa mwisho wa kudai uharibifu wa mali ni miaka 2 tangu tukio, kwa hiyo anayejiambia atashughulikia baadaye aweke tarehe ukutani.

Hofu yangu kubwa ilikuwa karatasi nilizosaini. Mojawapo ilisema bweni halitawajibika kwa ugonjwa, jeraha au kifo. Watu wengi wanaishia hapo, wanaona saini yao, wanainamisha kichwa. Texas hairuhusu mtu ajivue lawama ya uzembe wake kirahisi hivyo. Ni lazima hati itaje waziwazi kwamba inahusu uzembe wa mtoa huduma mwenyewe, na ni lazima maneno hayo yaonekane, yasifichwe katikati ya maandishi madogo. Mahakama Kuu ilisisitiza hivyo mwaka 1993 katika kesi ya kampuni za mafuta. Karatasi yangu haikulitaja neno uzembe hata mara moja. Soma ulichosaini kabla ya kukubali kwamba kimekufunga.

Siku ya kesi upande wao alikuja meneja pamoja na wakili. Wakili alianza kwa kusema sote tunasikitika, lakini mbwa huyu hakuwa na thamani sokoni. Hakimu, mtu mzima asiye na haraka, akamwuliza swali la Mjomba, kwa maneno mengine: mlimpokea akiwa mzima? Ndiyo. Alikufaje? Meneja akasema inawezekana alikuwa na moyo dhaifu. Nikatoa majibu ya maabara. Akasema kulikuwa na maji uani. Hakimu akauliza kivuli kilikuwa kiasi gani, na nani alikuwa zamu. Meneja alikaa kimya muda, kisha akasema aliyekuwa zamu alikuwa amekwenda kula.

Nililipwa bili ya matibabu yote, malipo ya bweni, ada ya kituo cha wanyama, na gharama za kufungua kesi. Darasa la utii hakimu alilikataa, akasema si mafunzo ya kazi. Uchunguzi wa maabara pia aliukataa, kwa sababu ni gharama ya kutafuta ushahidi na si hasara yenyewe. Kwa Dafu mwenyewe, kwa maana ya kuwapo kwake, sikupewa senti, na hakimu alinitazama akasema hana mamlaka hayo. Nilimwamini. Hawakukata rufaa, na hundi ilifika.

Kama ni daktari wa wanyama ndiye aliyekosea, kuna njia nyingine ya kuongezea. Bodi ya jimbo inayotoa leseni kwa madaktari hao inapokea malalamiko ya mtu yeyote bila malipo. Haitakupa fidia, lakini inaweza kumwadhibu, na kumbukumbu inabaki.

Sasa nimeelekeza nguvu kwa wabunge. Jaji Willett mwenyewe aliandika kwamba mabadiliko ya namna hii ni kazi ya Bunge la jimbo, na Bunge la Texas linakaa siku 140, kuanzia mwezi wa kwanza wa kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Mbunge wa eneo langu nimemwandikia barua, na ofisi yake imenijibu kwamba watanipa muda wa kuonana. Ninachoomba ni sheria ya kikomo kama ya Tennessee, iwahusu wanaolipwa kutunza wanyama, isiwaguse madaktari wanaofanya kazi yao ipasavyo wala vituo vya manispaa visivyo na fedha. Dola 5,000 zinatosha. Zingemfanya mwenye bweni aajiri mtu wa pili wa zamu ya mchana mwezi wa nane, kwa sababu leo mshahara wa huyo wa pili ni ghali kuliko mbwa. Nakala ya barua iko kwa Kiingereza. Ukiwa Texas na unataka kuituma kwa mbunge wa kwenu, niandikie nikutumie, ubadilishe jina la mnyama na uweke la wako.